Ruka Hiyo, Ina Mchoro

Nawasemesha ninyi mnaoshika chaki. Nawasemesha ninyi mnaoandika vitabu vya kiada, mnaotunga mitihani, mnaosimama mbele ya projekta vyuoni, na wewe pia unayekaa dawati moja na mwenzako asiyeona ukamsomea maswali kwa wema wako. Mkifika penye grafu, wote mnakuwa na neno moja. Mnasema: "Ruka hiyo, ina mchoro."

Mmelizoea neno hilo hata hamlisikii tena. Linawatoka kinywani kama kikohozi. Lakini yupo anayelisikia, na analisikia kila siku, kwenye jiografia, kwenye hisabati, kwenye baiolojia, kwenye uchumi. Anaruka, anaruka, mpaka kitabu kizima kinabaki matundu matupu. Mwisho wa mwaka mnampima kwa yaleyale mliyomrukisha. Akishindwa, mnasema kwa sauti ya upole kwamba amejitahidi, kulingana na hali yake.

Hali yake! Hali yake ni kwamba haoni. Kutojua mvua ya mwezi wa Aprili inafika milimita ngapi si hali yake. Hilo mmemfanyia ninyi.

Kiswahili kimetupa vidole vingi vya kuoneshea. Tuna hii, hiyo na ile. Tuna hapa, hapo na pale. Huku, huko na kule. Humu, humo na mle. Kila ngeli ina vyake, na mtoto wa darasa la tatu anavipanga bila kukosea. Lakini vyote vinataka jicho au nomino ya kuviegemea. Ukisema "nguzo hii ya Machi," neno nguzo na neno Machi vinambeba msikilizaji. Ukisema "hii" tupu huku kidole kikigusa ubao, umewafundisha wanaokitazama kidole chako, basi. Rekodini kipindi kimoja kwa simu, jioni mfumbe macho mjisikilize. Mtasikia hivi: "Sasa hii ikipanda hivi, mnaona, hii nayo inashuka, mpaka hapa zinapokutana. Hapa ndipo penyewe. Andikeni hapo." Mwalimu amesema dakika 40 bila kupumzika, ameeleza uhitaji na ugavi na bei ya soko, jasho limemtoka, na aliyefumba macho hajaambiwa kitu.

Najua ninachokisema, kwa sababu neno hilo nimelisema mimi mwenyewe. Nilifundisha jiografia miaka mingi, na katika shule moja ya bweni nilikuwa na kidato cha nne chenye wanafunzi zaidi ya 50 wanaoona na mmoja asiyeona. Alikuwa binti. Alikaa dawati la mbele karibu na mlango, na mbele yake mashine ya Perkins, ile mashine nzito ya chuma yenye vitufe sita vya nukta, inayolia kengele ndogo mstari unapokaribia kuisha. Nilipoeleza kwa maneno, mashine iligonga. Nilipogeuka ubaoni kuchora, ilinyamaza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini inanyamaza. Niliona ni nafuu, maana mlio wake ulinikera.

Mwishoni mwa Septemba alinifuata ofisi ya walimu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Alikuwa na karatasi moja ngumu ya nukta nundu, akanipa, akaniomba niisome. Nikamwambia, mwanangu, mimi nukta nundu sizijui. "Basi nikusomee, mwalimu," akasema. Akailaza juu ya madaftari niliyokuwa nikiyasahihisha, akaweka vidole viwili vya shahada mwanzo wa mstari wa kwanza, akaanza. Tarehe, mada, swali. Tarehe, mada, swali. Grafu ya uzalishaji wa kahawa. Chati duara ya matumizi ya ardhi. Grafu ya mvua na joto. Ramani ya kontua. Mchoro wa bonde la ufa. Mistari 11. Ilikuwa orodha ya kila mara niliyomwambia aruke tangu mwaka uanze. Hakulalamika wala sauti yake haikupanda. Alipomaliza aliniuliza lini tutayarudia, kwa kuwa mtihani wa taifa umebakiza wiki tano.

Nilikuwa na majibu tele. Nilisema shule haina mashine ya kutengenezea michoro ya kugusika. Nilisema mwalimu wa elimu maalumu amehamishwa. Nilisema darasa ni kubwa. Yote yalikuwa kweli. Kisha, ili nimridhishe aende zake, nikashika mstari wa kwanza wa orodha yake nikamweleza: "Hii ni grafu ya uzalishaji wa kahawa. Inapanda, halafu inashuka kidogo, halafu inapanda tena." Nikanyamaza, nikidhani nimefundisha.

"Inapanda kutoka ngapi hadi ngapi, mwalimu?"

Sikuwa na jibu. Grafu hiyo nilikuwa nimeichora ubaoni kwa mkono wangu mwaka baada ya mwaka, na sikuwa nimewahi kuisoma. Niliijua kwa sura tu, kama mtu anavyomjua jirani kwa koti lake. Wale 50 wanaoona nao niliwaonesha sura hiyohiyo, wakainakili, nikawapa alama za unadhifu.

Msiniambie vifaa. Bei za vifaa nazijua. Printa ya nukta nundu ni ghali, na ile karatasi ambayo mistari yake huvimba ikipitishwa kwenye joto ni ghali, na shule nyingi hazijawahi kuvitia machoni. Wenye mamlaka wana deni lao. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na kifungu cha 24 cha mkataba huo ni elimu. Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, mwaka uleule Wakenya walipoziandika haki hizo katika ibara ya 54 ya katiba yao. Anayeshika bajeti ataulizwa bajeti. Wewe mwalimu huulizwi printa. Unaulizwa namba ya Aprili, na namba ya Aprili haiagizwi ng'ambo. Imo ndani ya kitabu ulichokishika mkononi.

Wala msiniambie kwamba maneno hayawezi kubeba picha. Ninyi ni watu wa redio. Baba zetu walikaa chini ya mwembe, redio moja, watu ishirini, wakaifuata mechi ya Simba na Yanga dakika 90 bila kuona hata jani moja la uwanja. Mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam aliwaambia mpira uko kwa nani, winga ipi, unaelekea goli la upande gani, umebakiza hatua ngapi kuingia kumi na nane. Mzee asiyeona aliyeketi pale aliruka pamoja na wenzake goli lilipoingia, wala hakungoja aambiwe. Kule Kenya, marehemu Leonard Mambo Mbotela aliwatangazia watu mpira kwa namna hiyohiyo, na ndiye pia aliyewauliza Wakenya redioni kwa miaka mingi kama huu ni ungwana. Swali lake nalichukua nawauliza ninyi. Watu 22 wanaokimbia huku na huku mliweza kuwaeleza. Nguzo 12 zilizosimama wima, zisizokwenda popote, ndizo zimewashinda?

Yupo mama mmoja nataka mmkumbuke kila mnapofungua kinywa kusema ruka. Mwanawe, Lev Pontryagin, alizaliwa Moscow mwaka 1908. Alipokuwa na miaka 14 jiko la primasi lililipuka, akapoteza macho. Hapa kwetu hakuna asiyejua primasi ni kitu gani na inavyolipuka. Kijana alitaka hisabati. Mama yake, Tatyana Andreyevna, hakuwa mwanahisabati, na zile alama za hisabati hakuzijua hata majina. Lakini alikaa akamsomea vitabu na makala za hisabati, ukurasa baada ya ukurasa, na alipokutana na alama ngeni aliitazama akaisema ilivyo. Alama ya muungano wa seti, ile iliyokaa kama kikombe kilicho wazi juu, yeye aliiita "mikia juu." Mwana akajua ni muungano, wakasonga mbele. Pontryagin akaja kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, tena katika topolojia, elimu ya maumbo. Fikirini hilo. Elimu ya maumbo, kwa masikio, kwa mdomo wa mama asiyejua anachokisoma lakini asiyekubali kukiacha. Wewe una shahada ya ualimu na umeshindwa kusema grafu inaanzia ngapi.

Kazi yenyewe nitawaonesha. Chukueni grafu ya mvua na joto la Dar es Salaam, ambayo kila mwalimu wa jiografia ameichora. Msomeeni mwanafunzi hivi:

"Grafu hii inaonesha wastani wa mvua na joto la Dar es Salaam, mwezi kwa mwezi. Ina nguzo 12 na mstari mmoja. Nguzo ni mvua, kwa milimita. Mstari ni joto, kwa nyuzi za selsiasi. Mhimili mlalo una miezi, kuanzia Januari kushoto hadi Desemba kulia. Mhimili wima wa kushoto ni wa mvua, unaanzia 0 hadi 300, umegawanywa kila 50. Mhimili wima wa kulia ni wa joto, unaanzia 0 hadi 40, umegawanywa kila 10. Sasa nguzo. Januari inakaribia 75. Februari inazidi 50 kidogo. Machi inakaribia 140. Aprili inazidi 250 kidogo. Mei inakaribia 200. Juni inazidi 40 kidogo. Julai, Agosti na Septemba ziko karibu na 25, zote tatu. Oktoba inakaribia 70. Novemba inazidi 120 kidogo. Desemba inakaribia 120. Sasa mstari wa joto. Januari na Februari uko karibu na 28. Unateremka polepole hadi karibu na 24 mwezi wa Julai, kisha unapanda polepole hadi Desemba."

Someni kwa sauti, mtazame saa. Haifiki dakika mbili. Mnapoteza zaidi ya hizo kutafuta dasta.

Angalieni mfuatano wake. Kwanza aina ya mchoro, ili msikilizaji atenge mahali pa kuweka vitu. Kisha mihimili na vipimo vyake. Ndipo namba, kushoto kwenda kulia, bila kurukaruka. Jicho humeza ukurasa wote kwa mara moja. Sikio na kidole huenda hatua kwa hatua, na ukimpa Aprili kisha ukamrudisha Januari kisha ukamtupa Oktoba, umempoteza njiani ukiwa umemshika mkono. Rangi ya nguzo sikuitaja, kwa sababu mvua haina haja ya kuwa ya bluu. Kama kungekuwa na nguzo za miji miwili, ningesema nguzo za Dodoma na nguzo za Tanga, kwa majina yao.

Halafu angalieni nilichokiacha. Sikusema masika. Sikusema vuli. Sikusema kuna vipindi viwili vya mvua, wala Aprili ndiyo kilele. Hayo ndiyo swali. Mwanafunzi akishazipata namba zote, akapitisha kidole juu yake, atakikuta kilima kirefu mwanzoni mwa mwaka na kilima kifupi mwishoni, na atasema mwenyewe.

Hapa nina neno kali zaidi, nalo ni kwa wenye huruma. Ninyi hamsemi ruka. Ninyi mnamwinamia sikioni mnamnong'oneza: "Andika tu kwamba kuna misimu miwili." Mnajiona wema. Yule anayesema ruka amemnyima chakula. Ninyi mmemtafunia mkampa mabaki. Alama atakazopata ni zenu. Siku atakayokaa peke yake na namba mpya, benki, shambani, ofisi ya takwimu, akili yake haitakuwa imewahi kuutembea mteremko ule hata mara moja, kwa sababu kila mara alibebwa mgongoni. Nimekaa na wasomaji wa aina hii katika mitihani ya majaribio. Wanatoka vyumbani wakiwa wametulia kama watu waliofunga kidonda, na mwanafunzi anatoka akiwa hajui amejibu nini.

Yapo mambo ambayo maneno hulemewa nayo. Kontua za mlima, mkunjo wa parabola, moyo na vyumba vyake vinne. Hapo mwanafunzi anahitaji umbo chini ya kidole, na hapo pia hamna haja ya kungoja meli. Karatasi ya manila, gundi na uzi wa katani vinatoa kontua nzuri kabisa. Mafundi cherehani wana kigurudumu cha meno cha kutia alama. Kilazie karatasi ngumu juu ya blanketi lililokunjwa, kipitishe kwa nguvu, na upande wa pili inainuka safu ya nukta. Lakini mchore kinyume, maana kushoto kwa nyuma ndiko kulia kwa mbele. Mimi nilisahau. Nilimaliza jioni nzima na ramani moja, kesho yake mto ukawa unapanda mlima upande usio wake, na karatasi ile haikufaa tena. Na hata ikitoka sawasawa, mwambieni anagusa nini. Mistari iliyobanana ni mwinuko mkali, iliyoachana ni tambarare; uzi haujitaji jina wenyewe.

Nawageukia ninyi waandishi wa vitabu. Mnaandika "Angalia Kielelezo," mnamaliza aya. Mliokusanya zile takwimu ni ninyi, mlioamua skeli ni ninyi, namba zote mlikuwa nazo mezani, mkazigeuza picha na namba mkazitupa. Kitabu kikienda kupigwa nukta nundu, mpiga nukta anafika penye kielelezo, hana wa kumuuliza, anaandika kwamba mchoro umeachwa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliondoa kizuizi cha hakimiliki katika kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya wasioona, na Kenya na Tanzania zote zimejiunga nao. Mlango wa kitabu umefunguliwa. Lakini hakuna mkataba unaoweza kunakili sentensi ambayo mwandishi hakuiandika. Jedwali moja dogo chini ya kila grafu, safu mbili tu, lingewatosha, tena lingewafaa hata wanaoona.

Nanyi wahadhiri. Mnapiga picha ubao, mnairusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa, mnaandika "hayo ndiyo maelezo, kazi njema." Simu ya mwanafunzi asiyeona inamsomea salamu yenu, inamsomea jina lenu na saa mliyotuma, ikifika penye somo lenyewe inasema neno moja: picha. Usiku wa kuamkia mtihani wa chuo anasikiliza neno hilo mara kumi, picha, picha, picha, akitembea chumba hadi chumba kutafuta mtu ambaye hajalala. Mwaka 2006 vijana wawili wa Australia wasioona, Michael Curran na James Teh, waliwatengenezea wenzao programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, wakaitoa bure, na imeenea duniani. Programu hiyo inasoma maelezo ya picha yakiwepo. Nafasi ya kuyaandika imo katika programu mnazotumia kila siku kuandalia masomo. Wasioona wamefanya sehemu yao na kuigawa bila malipo. Ile nafasi mmeiacha tupu ninyi. Wala msikimbilie kusema kwamba sasa akili mnemba itawaelezea. Ikisoma 25 kuwa 250, mwanafunzi asiyeona hana njia ya kujua. Anayeweza kusahihisha ni wewe unayeiona grafu, na wewe umeshalala.

Na kuna hawa wanaojiita washauri. Anafika kijana mwenye kiu ya sayansi, wanampapasa bega: hesabu si za watu kama wewe, soma Kiswahili, soma dini, jifunze kinanda. Kiswahili nakipenda, ndicho ninachowakaripia nacho, lakini hakikuumbwa kiwe mahali pa kuwahamishia waliofukuzwa kwingine. Geerat Vermeij alizaliwa Uholanzi mwaka 1946, akawa haoni tangu akiwa na miaka mitatu. Familia ilipohamia Marekani, mwalimu wake wa darasa la nne huko New Jersey alileta darasani makombe ya baharini aliyoyatoa Florida. Mtoto akayashika, akashangazwa na mistari na miiba yake. Akaja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, bingwa wa historia ya konokono na chaza wa baharini, anayesoma kwa vidole makovu ambayo kaa wameyaacha juu ya kombe walipojaribu kulivunja. Makombe! Sisi wa pwani tunayakanyaga toka utotoni. Mwalimu yule alifanya kitu kimoja: aliviacha vitu mahali ambapo mkono wa mtoto ungevifikia. Ni watoto wangapi wa Tanga, wa Lamu, wa Pemba, tumewaweka mbali na kombe lao?

Enyi watu wa dini, nanyi ndio wengi wa niliowataja. Waislamu mnaijua Sura Abasa, sura ya 80. Abdallah bin Ummi Maktum, mtu asiyeona, alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka afundishwe, wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Wahyi ukashuka kwa ajili ya mtu yule mmoja. Angalieni alikuja kutafuta nini. Hakuja na bakuli. Alikuja kutafuta elimu. Baadaye akawa muadhini, na Mtume aliposafiri aliwahi kumwachia mji wa Madina. Ikiwa Mtume alizinduliwa kutoka juu kwa ajili ya mwanafunzi mmoja asiyeona, wewe mwalimu wa kidato cha nne umejiweka daraja gani hata usizinduliwe? Na Wakristo mnayo Mambo ya Walawi, sura ya 19, inayokataza kumtegea asiyeona kitu cha kumkwaza. Mmeisoma mkafikiria mashimo ya barabarani. Hamkufikiria ukurasa wa kitabu.

Ijumaa na Jumapili mnawapa wasioona sarafu mlangoni, na mikono yenu ni myepesi. Jumatatu asubuhi anakuja mmoja wao, anakaa dawati la mbele, sarafu yenu haitaki. Anataka namba. Nanyi mnamgeuzia mgongo, mnaelekea ubaoni, mnaanza: hii, na hii, mpaka hapa.

Orodha ya binti yule tuliianza Jumamosi iliyofuata, baada ya usafi, darasani, milango wazi. Kahawa kwanza, kutoka ngapi hadi ngapi, mwaka kwa mwaka. Mashine yake iligonga tangu tulipoketi mpaka tuliponyanyuka, kengele ikilia kila mwisho wa mstari, na mara mbili alinisimamisha akaniambia namba niliyomsomea hailingani na skeli niliyomtajia, na mara zote mbili yeye ndiye alikuwa sahihi. Jumamosi nne zilizofuata tulifanya hivyo hivyo, mbili mbili, Jumamosi moja ikaishia kwa moja tu kwa sababu ya mvua juu ya bati. Tukafika mstari wa tisa. Wa kumi ulikuwa ramani ya kontua, ile niliyoichora kinyume, na wa 11 mchoro wa bonde la ufa. Jumatatu mtihani ukaanza. Karatasi yake aliniachia. Nukta za mistari miwili ya chini ndizo zimesimama vizuri kuliko zote, kwa sababu hatukuzifikia.